Koti la Kitani la Mlingoti

Kitani hakikatwi kabla hakijalowekwa. Ukikikata kikavu kitapungua siku ya kwanza ya kufuliwa, na mwenye koti atakuja kukuuliza mikono imekwenda wapi. Kwa hiyo fundi alikiloweka kitambaa kwenye beseni tangu jioni, asubuhi akakianika uani bila kukikamua, na kilipobaki na unyevu kidogo akakipiga pasi mpaka kikalala mezani bila ubishi. Kilikuwa cha rangi ya mchanga mkavu. Shemeji yake ndiye aliyekileta, pamoja na jarida la mitindo ambalo jalada lake lilionyesha mwanamume ameegemea gari, anacheka, koti la kitani limemkaa kana kwamba alizaliwa nalo.

"Nishonee hilihili, shemeji," alisema. "Sherehe ni uwanjani, na jua la msimu huu unalijua. Siwezi kupandishwa cheo huku natiririka jasho ndani ya suti nyeusi."

"Simama wima," fundi alisema, akamzungushia futi kifuani.

Shemeji huyu alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha sabuni, na sasa alikuwa anafanywa meneja. Alikuwa mfupi, mpana wa kifua, mtu wa kutembea mbiombio hata akiwa hana anakokwenda. Alikuwa mdogo wake marehemu mume wa fundi. Tangu kaka yake afe alikuwa akipita nyumbani pale kila baada ya siku chache, kumjulia hali mama yake aliyelala chumba cha pili na miguu iliyovimba, na hakuwahi kuja mikono mitupu. Mtaa mzima ulimsifu kwa hilo.

Marehemu, wafanyakazi wenzake walimwita Mlingoti kwa sababu ya urefu wake. Kazi yake ilikuwa kusafisha matangi ya mafuta, na alifia ndani ya tangi. Siku ya mazishi mkurugenzi alisimama kando ya kaburi, akavua miwani, akasema kwamba tangi likishafunguliwa huachwa lipumue mpaka kesho yake, kila mtu kiwandani anajua, na marehemu aliingia kabla ya wakati kwa uzembe wake mwenyewe. Kisha akavaa miwani. Tangu hapo jina la Mlingoti likawa methali ya kiwanda. Aliyeajiriwa alipewa glavu na onyo: usije ukawa Mlingoti. Aliyesahau ufunguo aliambiwa leo umefanya ya Mlingoti. Methali ikatoka getini, ikaingia mtaani, na siku moja fundi alimsikia mwanamke asiyemjua akimgombeza mwanawe sokoni kwa jina hilo, kwa kuwa mtoto alikuwa amedondosha yai.

Fundi alikuwa ameishi na mtu aliyepuliza hata uji uliokwisha kupoa. Mtu aliyefunga mlango, akalala, akaamka kwenda kuhakikisha kwamba amefunga mlango. Hakutaka kitu kingine duniani ila jina la mtu yule lisitumike hivyo. Aliwahi kwenda kiwandani kuuliza. Akakaribishwa kiti, akaambiwa apokee pole.

Katikati ya jarida kulikuwa na karatasi ya paterni iliyokunjwa mara nyingi. Ukiikunjua inafunika meza nzima. Wachapaji wa majarida ni mabahili: mistari ya nguo zote za toleo lile, za saizi zote, wameibana kwenye karatasi moja, juu kwa juu, mingine ya vistari, mingine ya nukta, mingine ya nukta na vistari. Anayetaka koti hana budi kuchagua mstari wake mmoja na kuufuata bila kupepesa macho, kama mtu anayemfuata siafu mmoja ndani ya msafara. Fundi alitandaza karatasi laini juu yake, akashika penseli, akaanza na sehemu ya mbele. Alikuwa amefika kwenye kwapa, pale mistari yote inapokutana, mama mkwe wake alipoita.

"Njoo unigeuze, mwanangu. Upande huu umekufa ganzi."

Alikwenda akamgeuza, akamwekea mto chini ya magoti, akamnywesha maji. Aliporudi aliweka penseli palepale alipoiachia, akaendelea. Kila aliyewahi kushona kwa paterni ya jarida amewahi kufanya kosa hili, na anayesema hajawahi ni mwongo. Mstari alioushika ulikuwa mwingine. Ulikwenda vizuri, hata hivyo. Ulimtaka achore kipande cha kulia peke yake na cha kushoto peke yake, akachora. Ulimtaka ashushe bega la kulia kidogo kuliko la kushoto, akashusha. Na mkono haukusita hata mara moja. Akakata, akapiga bandi ya kushikiza kwa muda kwa uzi mwekundu, akaunganisha kwa cherehani mishono ya ubavuni, akalitundika koti kwenye msumari ukutani.

Shemeji alikuja kulijaribu siku iliyofuata. Mikono ilimfunika vidole. Bega la kulia lilimporomoka, la kushoto likamsimama shingoni, na pindo lilimgusa mapajani. Alijitazama kwenye kioo, akageuka, akajitazama tena. Alionekana kama mtu aliyeazima mwili.

"Shemeji, hapa umenishonea mimi au mlango?"

"Kuna mahali nimekosea."

"Rekebisha basi. Sherehe ni Jumamosi." Akaingia chumba cha pili, akamwachia mama yake machungwa, akaondoka mbiombio.

Fundi alirudi kwenye karatasi ya paterni kutafuta alipopotea. Aliuona mstari wake: ulianzia pale kwenye kwapa, ulipanda begani, ulishuka ubavuni, ukaishia kwenye kiwiko cha mkono mrefu sana. Kwenye maelezo ya saizi, pembeni mwa karatasi, mstari wa namna ile haukuwepo. Haukuwa wa sketi, wala wa blauzi, wala wa gauni la jalada la nyuma. Alilitazama koti pale ukutani. Bega la kulia lililoshuka ni la mtu aliyebeba mapipa kwa upande mmoja maisha yake yote, na fundi alikuwa amelilalia bega lile miaka mingi. Akakunja karatasi, akaenda kuinjika chai.

Jioni hiyo, saa za watu wa kiwandani kutoka zamu, mlango ulisukumwa na Mlingoti akaingia. Aliinamisha kichwa kukwepa kizingiti kama alivyozoea.

"Viatu," fundi alisema bila kuinua macho kwenye cherehani.

Mlingoti akavua viatu. Ndipo fundi alipoinua macho, na furaha ikamjaa kifuani mpaka ikageuka hasira, kwa maana mtu huyu alikuwa ameondoka asubuhi moja akisema atarudi mapema.

"Umechelewa," alimwambia.

"Nimechelewa," Mlingoti alikubali.

"Nani huyo?" mama mkwe aliuliza kutoka chumbani.

"Mwanao mkubwa, mama."

"Amekula?"

"Sili siku hizi, mama," Mlingoti alijibu.

"Basi fungeni mlango, mbu wanaingia."

Fundi alifunga mlango. Mlingoti alikuwa amekwisha kulishusha koti kutoka ukutani, na alilivaa kwa uangalifu asije akakata nyuzi za bandi. Mikono ilimfika palepale inapotakiwa kufika. Bega lilikaa. Fundi alimzunguka akivuta hapa na kulainisha pale, akaona kwamba hakuna pa kugusa. Katika maisha yake ya ufundi hakuwahi kushona kitu kilichomkaa mtu namna ile.

"Limebaki nini?" Mlingoti aliuliza.

"Kola, bitana na vifungo."

"Basi nitapita kesho."

Akawa anapita kila jioni, anasimama katikati ya chumba wakati fundi anabandika kola mwilini mwake kwa pini. Majirani waliokuja kuchukua nguo zao walimsalimu, wakauliza habari za huko, akasema ni shwari. Mwanamke wa nyumba ya tatu alimwomba amsaidie kushusha godoro kwenye kabati, kwa kuwa amerefuka, akaenda akamshushia.

Siku ya kushona bitana fundi alimuuliza. Alikuwa na pini midomoni, na swali alilolibeba miaka yote lilitoka limebanwa kwenye meno.

"Kwa nini uliingia kabla halijapumua?"

"Niliambiwa niingie."

"Na wewe, mtu mzima, ukaingia tu?"

"Nilisema halijapumua. Nilisema mara mbili. Akasema lori la mafuta liko getini, mkurugenzi anapiga simu, kama siingii niende nyumbani na nisirudi. Nikaingia."

"Nani aliyekwambia?"

"Mdogo wangu," Mlingoti alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja aliyeazima ndoo.

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini. Akaenda akasimama kwenye mlango wa chumba cha pili.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," mama mkwe alisema. "Alinieleza mwenyewe, siku ileile ya mazishi, amepiga magoti hapo ulipo."

"Ulijua? Miaka yote hii ulijua, na unanisikia nikilia humu ndani?"

"Nilizaa wawili. Mmoja mmemfukia. Ulitaka huyu wa pili nimfukie mimi kwa ulimi wangu?" Bibi alijaribu kujigeuza akashindwa. "Funika kombe mwanaharamu apite. Njoo unigeuze."

Fundi alimgeuza. Alimgeuza taratibu kama siku zote, akampangia mto chini ya magoti, na moyoni alitamani kumwacha alale upande ule mpaka mwisho wa dunia.

"Jumamosi utakuja kwenye sherehe," alimwambia Mlingoti aliporudi kwenye pini zake. "Utasimama mbele ya wote na kusema hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

"Ni mdogo wangu, mke wangu."

"Na mimi ni nani yako?"

Mlingoti alitazama koti alilovaa, kola imekaa, bitana inang'aa ndani. "Haya," alisema.

Shemeji alipokuja kuchukua koti lake Ijumaa, alimkuta kaka yake ameketi kwenye kiti cha wateja, anamsaidia fundi kung'oa uzi wa bandi. Alisimama mlangoni kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Tunasukuma tu." Akavuta kigoda. "Hilo koti ni langu, kaka."

"Halikutoshi."

Shemeji alilitazama, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki katika mambo madogo, akakubali kwamba halimtoshi. Angevaa suti yake nyeusi, jasho halijamuua mtu.

"Kesho anakuja kwenye sherehe," fundi alisema. "Atasema yaliyotokea."

"Aje," shemeji alisema. "Tena mimi ningeona vibaya asipokuja. Siku ya mtu kupandishwa cheo, ndugu zake lazima wawepo." Hakuwa anatisha wala kukejeli. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtia fundi baridi kwenye mifupa.

Jumamosi jua liliwaka kama ilivyotarajiwa. Uwanja wa kiwanda ulikuwa umefunikwa kwa turubai, viti vya plastiki vimepangwa, spika mbili zinapiga miluzi. Mlinzi wa getini alimtaka Mlingoti kitambulisho. Mlingoti alisema alizikwa nacho. Mlinzi akaona ni jibu linaloeleweka, akambandika kibandiko cha mgeni kifuani, na fundi akakibandua upesi kwa sababu gundi huharibu kitani.

Wafanyakazi walimpokea vizuri. "Mlingoti, umepotea!" alipiga kelele mpakiaji mmoja waliyemwita Kicheko, akasogea kumpa kiti chake mwenyewe. Kicheko alikuwa hodari wa ile methali kuliko wote kiwandani, lakini alikuwa mtu mwema. Alimshika Mlingoti mkono kwa mikono miwili na kuusifu ubaridi wake katika joto lile. Wengine waliligusa koti. Waliuliza kama hicho ni kitani kweli au mchanganyiko. Waliuliza nani kashona.

Mkurugenzi alihutubia, akakohoa, akahutubia tena. Mshereheshaji alipouliza kama ndugu wa meneja mtarajiwa wana neno, Mlingoti alisimama. Akiwa amesimama, kichwa chake kilikaribia kugusa turubai, na koti lilishuka mwilini bila kunjo, jambo ambalo kwa kitani ni nadra.

"Mimi sikuingia kwenye tangi kwa uzembe," alisema. "Nilisema halijapumua. Msimamizi wa zamu aliniagiza niingie, na msimamizi wa zamu ni huyu mdogo wangu aliyeketi hapa. Niliingia, nikafa. Nilitaka kusema hilo tu."

Akaketi. Spika zikapiga mluzi, halafu watu wakapiga makofi, kwa kuwa alikuwa amesema kwa ufupi na jua lilikuwa kali.

Mkurugenzi alirudi kwenye kipaza sauti. Alisema amefarijika kuona wastaafu bado wana moyo na kiwanda chao. Alisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Fundi alisimama akasema hayajagangwa, akasema kwa sauti ya juu mpaka akasikika bila kipaza sauti, kwamba anataka neno uzembe lifutwe, lifutwe leo, mbele ya watu walewale waliolisikia. Mkurugenzi akamtazama mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, na mwenyekiti, mtu aliyesifika kwa kujua kanuni, akasimama kutoa ufafanuzi.

"Dada yetu tunamhurumia," alisema. "Lakini tutazame jambo lenyewe. Kama huyu bwana alikufa, basi ni marehemu, na marehemu hatoi ushahidi. Na kama anaweza kutoa ushahidi, basi hakufa, na kama hakufa, hapakuwa na ajali. Sasa tufute nini?"

Watu walitikisa vichwa kukubali. Hata Mlingoti alitikisa kichwa. Siku zote alikuwa mtu wa kukubali hoja ikipangwa vizuri. Shemeji akaitwa mbele, akakabidhiwa umeneja, akafuta jasho kwenye kola nyeusi, akapigiwa makofi marefu kidogo kuliko ya kaka yake. Kisha zikaletwa soda. Mlingoti aliishika ya kwake mpaka ikapata joto, akampa Kicheko. Karani wa mkurugenzi alimfuata fundi na kumuuliza kama anaweza kumshonea mumewe koti la namna ile kabla ya msimu kwisha, na nyuma yake walikuwa wanangoja wengine wawili. Fundi aliwajibu wote kwa adabu. Aliwachukia mmoja mmoja, kwa zamu, kuanzia kiti cha kwanza cha mstari wa mbele, na alipofika mstari wa mwisho alijikuta amechoka na bado hajamaliza.

Meneja mpya alikuja wiki iliyofuata, na machungwa. Alimsalimu mama yake, akakaa na kaka yake kwenye kiti cha wateja na kigoda, wakazungumza habari za matangi. Matangi yalikuwa machafu. Tangu mambo yale ya sherehe wasafishaji walikuwa wameanza maneno: tangi lipumue, tangi halijapumua, ngoja kesho. Malori yalikuwa yanasimama getini mchana kutwa.

"Sasa wewe, kaka," meneja alisema, "hewa ile haikudhuru tena."

Mlingoti alifikiri. "Hainidhuru," alisema.

"Na kazi unaijua."

"Naijua."

"Haendi," fundi alisema. Alikuwa ameinuka, na mkasi mkononi. "Mlimuua mle ndani, mkamtukana miaka yote, na sasa mnataka arudi palepale?"

"Shemeji," meneja alisema kwa upole wake uleule, "si ulitaka arudi? Si ulitaka jina lake lisafike? Nani atamwita mzembe akiwa kazini?"

"Mwache aende," mama mkwe alisema kutoka chumbani. "Mwanamume hakai bure nyumbani anang'oa nyuzi. Tena ndugu wanasaidiana."

Fundi alimgeukia mumewe. Mlingoti alikuwa anatazama miguu yake. Alisema kwamba akikaa bure mchana unakuwa mrefu sana, kuliko fundi anavyoweza kudhani. Fundi aliuliza ovaroli yake iko wapi, kwa maana ile ya zamani alikuwa ameikata vitambaa vya kufutia pasi. Hapakuwa na nyingine. Akamshonea mpya.

Kila asubuhi Mlingoti alikwenda kazini amevaa koti la kitani, akalitundika kwenye msumari wa chumba cha kubadilishia nguo, akavaa ovaroli. Tangi lilifunguliwa na papo hapo meneja akasema ingia, naye akaingia. Malori hayakusimama tena. Mkurugenzi alisema hajapata kuona idara ikiendeshwa hivyo. Na kwa kuwa tangi la kwanza halikuachwa lipumue, hakuna aliyeona sababu ya kuacha la pili na la tatu, na utaratibu wa kungoja kesho ukafa bila mtu kutangaza kifo chake. Methali nayo ikageuka. Hakuna aliyeambiwa tena asiwe Mlingoti. Aliyesitasita sasa aliambiwa: unaogopa nini, mbona Mlingoti anaingia?

Fundi aliisikia methali mpya kwenye foleni ya maji. Alitua ndoo yake, akakaa juu yake, na watu wakampita.

Kulikuwa na kazi nyingi za makoti. Alimshonea mume wa karani, akawashonea na wale wawili, wote kwa jarida lilelile, na safari hizi aliufuata mstari kwa kidole cha mkono wa kushoto na hakuondoka mezani hata mama mkwe alipoita mara ya tatu. Makoti yale yaliwatosha wenyewe. Hayakumleta mtu yeyote.

Jioni moja Mlingoti alirudi mapema. Alifuta miguu, akavua viatu, akasogea pembeni kumpisha mtu aliyekuwa nyuma yake. Alikuwa Kicheko, mpakiaji. Naye alifuta miguu kwa muda mrefu, kama mgeni, na alikuwa na harufu ya mafuta mabichi kuanzia nywele mpaka vidole.

Fundi alizima pasi.

"Lini?" aliuliza.

"Leo mchana," Kicheko alisema. "Mpira wa maji ulikuwa mzito, Mlingoti hauwezi peke yake. Meneja akaniambia nishuke nimshikie. Nikasema mimi si mtu wa matangi, mimi mpakiaji." Alitabasamu kidogo, kwa mazoea. "Akasema, mbona Mlingoti anaingia."

"Nilimwambia asishuke," Mlingoti alisema. "Lakini kule chini sauti yangu haitoki."

"Nani huyo?" mama mkwe aliuliza kutoka chumbani.

Nje, mtaani, watu walikuwa wanatoka kazini, na kutoka nyumba za mtaa wa pili, alikoishi Kicheko na watoto wake, hakukuwa bado na kilio.

"Mkeo anajua?" fundi aliuliza.

"Bado. Meneja ameenda kumwambia."

"Atamwambia nini?"

Kicheko alitazama sakafu, halafu akamtazama Mlingoti, kama anamwomba radhi kwa maneno ya siku nyingi.

"Atasema nilikuwa mzembe," alisema.

Mlingoti alimvutia kigoda, lakini Kicheko hakukaa. Alisema asingependa kukichafua. Alikuwa anatetemeka katika ovaroli iliyolowa, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuwa na nguo nyingine ya kwenda nayo popote. Fundi alifungua kabati, akatazama kitani kilichobaki kwenye makoti ya wengine, akaona kitatosha. Akakunjua futi na kumwambia ainue mikono.